Kabla masika hayajaingia: tuisaidie kinga ya mwili dhidi ya dengi

Huku kwetu Zanzibar masika huwa Machi hadi Mei, na matayarisho yaanzie uani. Mbu wa dengi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, hutaga kwenye vifuu vya nazi, matairi, makopo na mapipa yaliyo wazi. Mayai yake hugandamana na ukingo wa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja mvua. Kumwaga maji peke yake hakutoshi; sugua pipa kwa brashi, kisha ulifunike barabara. Chandarua kisiachwe, ila mbu huyu huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya magharibi, kwa hiyo hata mtoto anayelala adhuhuri atundikiwe.

Nasisitiza uani kwa sababu virusi vya dengi, ambavyo mbu huyu huvileta anapouma, vikishaingia ngozini, vinajua kuichezea kinga tuliyozaliwa nayo. Kwa kawaida seli iliyovamiwa huhisi vinasaba vya kigeni ndani yake, ikatoa intaferoni, protini iliyogunduliwa London mwaka 1957, ambayo huzitahadharisha seli jirani zijikinge mapema. Dengi huliua onyo hilo: protini yake iitwayo NS5 husababisha kuharibiwa kwa STAT2, protini ya mwili wetu ambayo seli huitegemea ili ujumbe wa intaferoni ufanye kazi. Kibaya zaidi, virusi huzaliana ndani ya zile zile seli za ulinzi zilizotakiwa kuvimeza. Siku 4 hadi 10 hupita mtu akiwa hana habari. Homa inapopanda na viungo vinapouma, sehemu kubwa ya mateso hayo ni mwili wenyewe unaopigana.

Hivyo sioni haja ya kununua dawa za "kupandisha kinga". Fedha hiyo inunue mfuniko wa pipa, kipimajoto, parasetamoli na pakiti za ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini). Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziwekwe mbali na mwenye homa ambayo haijajulikana, maana dengi hupunguza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu. Apimwe malaria kwanza. Kipimo kikionesha hana, dengi iulizwe. Anywe maji, madafu, uji.

Wengi hudanganyika homa inaposhuka. Baina ya siku ya 3 na ya 7 tangu homa ianze ndipo mishipa midogo huweza kuvuja maji ya damu. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi au pua kutoka damu, mgonjwa kulegea au kutotulia: hospitali, bila kungoja kukuche. Aliyewahi kuugua dengi amwambie daktari, kwani virusi viko vya aina 4, na kinga iliyobaki ya aina moja yaweza kuisaidia nyengine kuingia ndani ya seli.

Mkubaliane sasa hivi nani ana gari na nani atabaki na watoto. Walioko visiwa vya Kojani au Tumbatu wazungumze na mwenye boti mapema, wajue nani ataitwa usiku bahari ikichafuka.