Kumtafuta babu kwenye majalada ya mirathi

Ukitaka kufuatilia ukoo wako kupitia mahakama za Uganda, acha kesi za jinai kwanza, anza na mirathi. Aliyeshtakiwa kwa kuiba kuku huachia jalada jina lake na adhabu, basi. Marehemu aliyeacha shamba huachia wake, watoto, ndugu, na ugomvi wao wote.

Kabla ya safari, waulize wazee majina yote ya marehemu (la ukoo na la dini), ukoo na tawi lake, kijiji na muluka (kundi la vijiji), gombolola (tarafa) na saza (wilaya ya kifalme yenye gombolola kadhaa), na mwaka wa kifo hata kwa kukadiria. Jina la baba peke yake halikufikishi mbali: kwa desturi ya Waganda, yaani watu wa Buganda, mtoto hapewi jina la baba, hivyo baba, mwana na mjukuu wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana.

Kama familia ina ardhi ya mailo, yaani ya umiliki wa kudumu uliotokana na Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, pata namba ya bloku na ploti, kisha omba upekuzi katika ofisi ya ardhi ya kanda. Rejista huonyesha nani alimfuata nani, na mara nyingi pia namba ya shauri la mirathi lililomwingiza msimamizi wa mali ya marehemu. Iandike pamoja na mwaka wake. Karani wa masjala ya mahakama akipewa "mirathi namba 34 ya 1951" ana pa kuanzia. Akipewa jina la babu tu, atakurudisha nyumbani. Usipoipata, uliza ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, Kampala.

Jalada likishafunguliwa, hukumu isubiri. Soma ushahidi. Shahidi huanza kwa kujitambulisha: mimi ni fulani, mwana wa fulani, wa ukoo wa Mmamba, nakaa kijiji fulani, marehemu ni ndugu wa baba yangu. Mstari mmoja huo unakupa vizazi viwili.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kwa Kiganda, mtoto wa baba mdogo naye ni ndugu, si binamu. Tena kuna omusika, mrithi anayesimikwa kwenye okwabya olumbe, sherehe ya kumaliza msiba: anashika nafasi ya marehemu, na watoto wa marehemu humwita baba, hata akiwa mdogo kwao. Ukichora mti kwa neno "baba" tu, utazidisha kizazi au utakipoteza. Thibitisha kila uhusiano kwa mashahidi wawili, ikiwezekana wa pande zinazogombana. Wakikubaliana hapo, shika.

Tahajia nayo inasumbua. Maandishi ya Kiganda yalisanifiwa 1947, na makarani wa awali waliandika walivyosikia: Ssemakula ni Semakula, saza la Kyaggwe ni Chagwe, na Yokana wa karatasi hii anaweza kuwa Yowana wa ile. Tafuta kila sura ya jina. Umri wa mashahidi uchukue kama makisio.

Ukiruhusiwa kupiga picha, anza na jalada kwa nje, namba ionekane, ndipo kurasa kwa mpangilio wake. Picha ya ukurasa usio na namba ya jalada haikusaidii ukitaka kurudi.