Namna ya Kuzuru Petra kwa Msafiri Atokaye Mombasa

Msafiri anayerudi kutoka Petra, mji wa kale ulio kusini mwa Jordan, akilalamika kwamba alilipa fedha nyingi ili kusukumana na umati mbele ya jengo moja lililochongwa mwambani, mara nyingi ni yule aliyeingia saa nne asubuhi, akapiga picha mbele ya Al-Khazneh, kisha akageuka kurudi kwenye basi lake. Huyo hakudanganywa na mtu. Aliishia barazani akadhani ameiona nyumba yote. Al-Khazneh ipo mwanzoni mwa mji, na mbele yake zimetandaa kilomita kadhaa za makaburi, ngazi, mahekalu, barabara ya nguzo na mabirika ya maji. Kwa hiyo shauri la kwanza kwa mtu wa Mombasa anayetaka kuuzuru mji huu ni kutenga siku mbili kamili, kulala jirani na magofu, na kuwa langoni linapofunguliwa.

Kabla ya kufunga mizigo, ni vyema kuujua mji wenyewe. Petra ulikuwa makao makuu ya Wanabatea, Waarabu waliotajirika kwa kusimamia misafara ya ngamia iliyobeba ubani na manemane kutoka kusini mwa Arabuni kuelekea Gaza na bandari za Mediterania. Aliyelelewa Mji wa Kale, ambako ubani hufukizwa nyumbani na kwenye shughuli, hahitaji kuelezwa kwa nini shehena hiyo ilikuwa na soko. Mwaka 106 Warumi waliutwaa ufalme huo chini ya Kaisari Trajan, biashara ikaendelea kuhamia njia nyingine, na tetemeko la mwaka 363 likabomoa sehemu kubwa ya mji. Wenyeji wa huko hawakuusahau kamwe, ingawa Ulaya ilipata habari zake baada ya Johann Ludwig Burckhardt, msafiri kutoka Uswisi, kupita hapo mwaka 1812. Tangu mwaka 1985 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Ningependekeza pia kwamba anayejiandaa kwa safari hii aanzie Gedi, karibu na Watamu, hata kama aliwahi kupelekwa huko na shule. Gedi ni mji wa mawe ya matumbawe uliomezwa na msitu, nayo Petra imechongwa katika jiwe la mchanga jangwani, lakini jicho linalojifunza Gedi kufuatilia kisima, mfereji na choo kabla ya kutazama kasri na msikiti litaona mengi zaidi Petra, kwa kuwa siri ya mji ule ni maji.

Miezi ya kusafiri ni Machi hadi Mei, au mwishoni mwa Septemba hadi Novemba. Mtu wa pwani hujidanganya kwamba joto halimtishi. Joto la Mombasa hutoa jasho linaloonekana, shati likalowa, nawe ukajua unahitaji maji. Joto la jangwani ni kavu, jasho hukauka lingali ngozini, na dalili ya kwanza huwa ni kichwa kuuma au miguu kulegea. Kunywa kabla ya kiu, na kila mtu abebe lita mbili hadi tatu asubuhi, kwani maji yanayouzwa ndani ya magofu ni ghali kuliko ya dukani mjini. Upande wa pili wa hadithi ni baridi. Mji wa Wadi Musa, ambako wageni hulala, uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,000, na wakati wa Desemba na Januari usiku huweza kukaribia nyuzi sifuri, hata theluji ikaanguka. Sweta zito na soksi ni za lazima miezi hiyo. Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli isiyoteleza, na champali zibaki chumbani. Kikoi hufaa kuliko taulo: kitakinga shingo na jua, kitazuia vumbi puani, na kitatandikwa mahali pa kuswali.

Kuhusu njia, msafiri ataanza kwa ndege au kwa treni ya SGR kutoka Miritini hadi Nairobi, kisha atapanda ndege kwenda Amman kwa kubadilisha mahali kama Dubai, Doha au Cairo. Viza ishughulikiwe mapema kwa wahusika wa Jordan, kabla tiketi ya ndege haijalipiwa, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwekwe pamoja na pasipoti. Kutoka Amman hadi Wadi Musa ni mwendo wa saa tatu hivi kwa Barabara Kuu ya Jangwani, kwa basi au gari la kukodi. Kutoka Aqaba, penye bahari, ni kama saa mbili. Ipo barabara ya zamani ya milimani yenye mandhari nzuri zaidi, lakini hiyo itakula siku yako nzima.

Tiketi ndiyo inayowashtua wengi. Anayelala Jordan amekuwa akilipa dinari 50 kwa siku moja, 55 kwa siku mbili na 60 kwa siku tatu, na anayeingia nchini na kwenda Petra siku hiyo hiyo bila kulala hulipa 90. Dinari moja ni karibu dola 1.41, kwa kuwa sarafu hiyo imefungwa kwenye dola. Kwa hesabu hiyo, siku ya pili inaongeza dinari tano tu, na sioni sababu ya mtu aliyesafiri kutoka Afrika Mashariki kuikosa. Kuna pia kibali cha watalii kiitwacho Jordan Pass, kinachojumuisha Petra na maeneo mengine mengi ya kale, nacho huondoa ada ya viza ya kawaida kwa anayekaa angalau usiku tatu. Kinanunuliwa kwenye intaneti kabla ya kuwasili. Viwango hivi hubadilishwa, kwa hiyo vithibitishe unapopanga bajeti.

Siku ya kwanza, uwe langoni saa kumi na mbili asubuhi. Mara tu ukipita, wenye farasi watakuambia kwamba kupanda kumo ndani ya tiketi yako, na ni kweli; wasichokitaja ni bakshishi inayotarajiwa mwisho wa mwendo huo mfupi, ambayo imewagombanisha wageni wengi na wenyeji. Ama kubalianeni kabla ya kupanda, ama tembea, maana ni kama mita 800 tu mpaka mdomo wa korongo liitwalo Siq.

Siq lina urefu wa takriban kilomita 1.2, na ndiyo sehemu ambayo ningemsihi mgeni asiikimbie. Watu hupita wakiangalia juu, ambako kuta zinakaribiana hadi mbingu ikabaki ukanda mwembamba. Tazama pia usawa wa kiuno. Pande zote mbili kuna mifereji iliyochongwa mwambani, na upande mmoja Wanabatea walilaza mabomba ya udongo wa kuchoma, ili maji ya chemchemi ya mbali yafike mjini. Ukifika karibu katikati, utafute ukutani mchongo wa msafara: sehemu ya juu imeliwa na upepo na maji, lakini miguu ya mtu, pindo la vazi lake na kwato za ngamia zingalipo, na mfereji unapita nyuma ya miguu hiyo. Yeyote aliyeuchonga alikusudia maji na biashara vionekane pamoja. Simama hapo dakika tano. Vikundi vya watalii vitakupita.

Al-Khazneh ina urefu wa karibu mita 40, na jua huupiga uso wake moja kwa moja katikati ya asubuhi, kwa hiyo ukiwahi kabla ya hapo utaipata kivulini na bila watu wengi. Ndani hakuingiliki, na hakuna cha kusikitikia, kwa kuwa ni vyumba visivyo na mapambo. Angalia gudulia la jiwe lililo juu kabisa: lina alama za risasi za watu walioamini kwamba limejaa dhahabu, ilhali ni jiwe tupu. Endelea mpaka kwenye ukumbi wa maonyesho, ambao viti vyake vimechongwa katika mlima wenyewe, kisha kwenye Makaburi ya Kifalme, barabara ya nguzo, kanisa la Kibizanti lenye sakafu ya vijiwe vya rangi, na hekalu la Qasr al-Bint. Kufikia hapo utakuwa umetembea kama kilomita nne, na kurudi ni mpando. Wengi husahau hesabu hii, wakachoka mahali pabaya. Jioni uwe umerejea Makaburi ya Kifalme, kwa kuwa jua la alasiri huamsha rangi za miamba yake.

Siku ya pili iwe ya Ad-Deir, jengo lililo juu ya ngazi zaidi ya 800, pana kuliko Al-Khazneh. Panda baada ya adhuhuri, wakati njia ina kivuli zaidi na uso wa jengo unapata jua. Mpando huchukua kama saa moja kwa mtu asiye na haraka, na mwenye magoti mabovu asione haya kuishia njiani. Punda hutolewa kwa kukodi, lakini ngazi zile zimelika na kuteleza, na sipendi kuona mnyama akisukumwa juu yake na mtu mzima mgongoni.

Katika kushughulika na wenyeji, mtu wa Mombasa ana nafuu yake. Salamu kwanza, kisha bei. Akaribishwaye chai akae akanywe, lakini aulize mapema kama ni ya ukarimu au ya kuuzwa. Mabedui wa kabila la Bedul waliishi ndani ya mapango haya hadi miaka ya 1980, walipohamishiwa kijiji cha Umm Sayhoun, na wengi wao bado wanapata riziki yao humu. Nunua kwa watu wazima. Watoto wanaouza kadi za picha wanafaa wawe shuleni, na kila sarafu wanayopata ni sababu ya kutokwenda. Anayekwambia kwamba bila yeye huwezi kuiona Al-Khazneh kutoka juu anatafuta malipo, kwa sababu ipo njia rasmi ya Al-Khubtha, inayoanzia upande wa Makaburi ya Kifalme.

Mvua ni jambo la kuheshimiwa. Mwaka 1963 mafuriko ya ghafla yaliua zaidi ya watu 20 ndani ya Siq, na baada ya hapo bwawa la kale la Wanabatea mdomoni mwa korongo likajengwa upya ili kuyageuza maji. Hata hivyo mafuriko mengine mwaka 2018 yaliwalazimu maelfu ya wageni kuondolewa. Mvua inaweza kunyesha mbali nawe huku anga juu yako likiwa safi. Walinzi wakisema tokeni, usibaki kumalizia picha.

Baadhi ya Waislamu watatamani kupanda Jabal Harun, mlima wa mita 1,350 hivi ambako inaaminiwa kwamba Nabii Harun amezikwa, na ambako kuna kijengo cheupe cha ziara kinachoonekana kutoka mbali. Ziara hiyo ni ya siku nzima peke yake, kwenda na kurudi, na yafaa kuongozana na mwenyeji anayeijua njia. Beba maji mara mbili ya unayodhani yatatosha, pamoja na korosho na tende. Vaa nguo za kusitiri. Na usiipange siku moja na Ad-Deir, hata ukijiona una nguvu.