Kusi ikikaza, ndoano zihamie maji baridi: vile ya kupanga safari ya maziwani kutoka Malindi

Kuanzia Mei mpaka huko Agosti kusi ikishika, bahari ya Malindi haiendeki na mashua ndogo, na wenye ndoano wanashinda barazani wakilaumu upepo. Jamani maziwa yapo. Jilore hapo njia ya Kakoneni unaenda na kurudi siku hiyohiyo, ukitaka kulala kuna Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni, na katikati kuna maziwa ya delta ya Tana kama Shakababo upande wa Ngao. Shida ni kwamba watu wa pwani tunapanga safari ya ziwani kama ya bahari, mtu anaangalia mwezi anahesabu bamvua na maji mafu, na huko hakuna kupwa wala kujaa. Kinachoamua kila kitu ni mvua, tena si mvua ya hapo uliposimama.

Chukua Sabaki. Unaweza kukuta Malindi vumbi tupu halafu mto unashuka mwekundu kama chai ya maziwa, manake imenyesha Nairobi na Ukambani, mto ni uleule Athi, ukipita Tsavo unaitwa Galana na ukifika kwetu ndio Sabaki. Maji mapya ya tope yakiingia bondeni huko Jilore usijisumbue na tilapia, huyo anatafuta chakula kwa macho sana na tope likizidi haoni chambo. Ngoja maji yatulie kidogo. Kambare ndio hajali, anafuata harufu na ndevu zake, hata kwenye uji wa tope anakula.

Tana nayo ina habari yake. KenGen, kampuni ya umeme yenye mabwawa ya huko juu ya Tana, wakitangaza bwawa la Masinga limefurika, jua baada ya siku kadhaa maji yatakuwa Garsen, na maziwa ya delta yatapata maji mapya na samaki wapya. Hapo wengi wanakimbilia, mimi nasema subiri mpaka mto urudi kwenye kingo zake, si kwa sababu ya samaki ila barabara. Mwisho wa 2023 mvua za El Niño zilifunika barabara ya Lamu pale Gamba, magari yakakwama pande zote mbili. Na ukame nao uulizie hivyohivyo, Ziwa Kenyatta limewahi kupungua mpaka viboko wakakwama kwenye tope, sasa wewe utaenda kurusha ndoano wapi. Piga simu kwa mtu wa kule kabla hujanunua hata mafuta, muulize maji yamefika wapi, na wiki hii watu wanatoa nini.

Ruhusa usiidharau. Ziwani ulizia BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi wa hapo, hao ndio wanajua nani anavua wapi na nyavu za wenyeji zimetegwa upande gani, na leseni ya kuvua kwa spoti iulizie ofisi ya uvuvi kabla ya siku ya safari. Silanga, yale mabwawa madogo ya kuchimbwa ya vijijini huko Magarini na Ganze, ni maji ya watu na ng'ombe wao, hata kama humo kuna samaki wa kufugwa hujui ni wa nani, kwa hivyo pitia kwa mzee wa mtaa kwanza, umsalimie vizuri, shikamoo mzee, ndio ueleze shida yako.

Vifaa hapa ndio watu wanakosea zaidi. Mshipi wako wa kuvulia samaki wa bahari kama kole na tewa ni mnene mno, tilapia anauona anakuacha. Tafuta mshipi mwembamba wa kuhimili kilo nne au tano, ndoano ndogo namba 8 au 10, chubwi kidogo kabisa cha kuzamisha ndoano, na chelezo cha kuelea unakata kipande cha ndara kuukuu tu inatosha. Fimbo ya mwanzi inafanya kazi safi. Kwa kambare beba mshipi mwingine wa kilo kumi na tano hivi na ndoano kubwa, huyo akishika anajisokota kama amepagawa. Chambo cha tilapia ni nyambo, wale minyoo ya udongoni, chimba kwenye migomba penye unyevu, au finyanga ugali mgumu vidonge vidogovidogo, na kabla hujaanza rusha pumba kiasi majini uwakusanye. Kambare mpe matumbo ya kuku yaliyolala jua siku moja, yanuke mpaka wenzako kwenye gari wagombe.

Sasa wanyama, na hapa sitanii. Ziwa Kenyatta lina viboko, Sabaki na Tana zina mamba wengi. Kambare anakula sana usiku lakini usiku ndio kiboko anatoka kula majani, na akikukuta umesimama kati yake na maji hakuulizi. Ukiona njia iliyolimwa na miguu kwenye nyasi mpaka majini usikae hapo. Fika saa kumi na mbili asubuhi, funga kazi saa kumi na moja jioni, basi, huyo kambare wa usiku waachie wenyeji. Simama mbali na ukingo hatua kadhaa, usipasue samaki hapohapo majini, damu na matumbo vinamwita mamba. Na usiingie maji miguu mitupu, konokono wa maji yaliyotulia wanabeba kichocho, vaa gambuti, na ukianza kukojoa damu wiki kadhaa baadaye nenda ukapimwe, dawa ipo.

Ukimpata kambare shika nyuma ya kichwa, ana miiba miwili kwenye mapezi ya kifuani inauma vibaya. Anavuta hewa kwa hivyo gunia lililoloa linamuweka hai masaa, tilapia ndio anataka barafu haraka. Tilapia jike ukimkuta na mayai au vifaranga mdomoni mrudishe tu. Harufu ya tope inatoka kwa ndimu na chumvi, umwache nusu saa, kisha umpake tui umchome, na wale wanaosema samaki wa ziwa si samaki utawaona wanalamba vidole.

Usafiri wa Mpeketoni ni mabasi ya Lamu, uliza kwanza kama linaingia mjini au linakuacha barabara kuu utafute bodaboda. Kitambulisho kiwe mfukoni, si kwenye begi juu ya gari, vizuizi vya polisi ni vingi na mnashuka. Barabara hiyo ni ya mchana, kwa hivyo ukirudi siku hiyohiyo toka Mpeketoni mapema mchana, la sivyo lala ukaondoke alfajiri.