Mtoto amekuwa wa ngapi? Texas swali hili lina uzito

Kama mwanao anasoma sekondari Texas, Marekani, usidharau nafasi yake darasani. Sheria ya jimbo ya mwaka 1997 inawafungulia asilimia 10 ya juu mlango wa vyuo vikuu vya umma moja kwa moja. UT Austin tu (Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin) ndiyo imekaza: kwa wanaoingia 2026 ni asilimia 5. Na kupokelewa chuoni si kupata kozi unayoitaka. Uhandisi una mchujo wake, hapo ndipo wazazi wengi hushtuka.

Majimbo mengi mengine, punguza presha. Shule nyingi haziwapangi tena wanafunzi kwa nafasi, na vyuo hutazama alama pamoja na ugumu wa masomo aliyochukua. Muulize mshauri wa shule mapema kama fomu anayoituma chuoni itataja nafasi ya mtoto.