Begi la Bega la Kamera: Anza na Mizani, Duka Baadaye

Begi la bega linamfaa anayepiga harusi, mikutano na picha za mtaani, kwa sababu unatoa kamera bila kulivua. Ubaya wake ni kwamba mzigo wote unalala upande mmoja. Ndiyo maana rangi na mtindo vinakuja mwisho.

Hatua ya 1: Pima uzito

Tuchukue seti ya kawaida ya harusi: Canon EOS 5D Mark IV (gramu 890 ikiwa na betri na kadi), lenzi ya EF 24-70mm f/2.8L II (gramu 805) na EF 70-200mm f/2.8L IS II (gramu 1,490). Hivyo vitatu tu ni kilo 3.2 kasoro kidogo. Weka flashi, betri za akiba na chaja, kisha jumlisha begi lenyewe, ambalo likiwa tupu linaweza kufika kilo 1.5. Umeshapita kilo 5, na bega litaanza kulalamika kabla keki haijakatwa. Kwa mzigo huo chukua begi la mgongoni, au acha lenzi moja nyumbani.

Hatua ya 2: Pima ndani, si nje

Hapa ndipo wengi wanapopoteza hela. Vipimo vya kwenye lebo mara nyingi ni vya nje, na sponji za pande mbili zinakula sentimita 2 hadi 3. Ile 70-200 ina urefu wa karibu sm 20 kabla ya vifuniko vyake. Ukiisimamisha kwenye begi lenye kina cha sm 20, mfuniko haufungi. Ukiilaza, inakula nafasi ya lenzi mbili.

Nenda dukani na vifaa vyenyewe pamoja na tepu ya fundi cherehani. Kamera iingie ikiwa na lenzi yake, imetazama chini, hudi (kikinga mwanga cha mbele ya lenzi) imegeuzwa. Sasa chungulia: mabega ya kamera yakae juu ya vitenganisho, na lenzi ining'inie bila kugusa kitako cha begi. Lenzi ikigusa chini, siku begi litakapotua kwa kishindo kwenye sakafu, pigo lote litapanda hadi kwenye maungio ya lenzi na kamera. Funga, tikisa taratibu. Ukisikia kitu kinagonga, vitenganisho havitoshi au velkro yake imechoka.

Hatua ya 3: Kagua mkanda

Upana usipungue sm 4. Sm 5 ni bora. Kisha fuata mkanda hadi unapoishia. Ulioshonwa ukingoni tu unategemea nyuzi chache. Uliopita chini ya begi na kurudi upande wa pili unabeba mzigo wenyewe. Tafuta mshono wa mraba wenye msalaba ndani. Tia chupa mbili za maji za lita 2, inua kwa mkanda na utazame matundu ya sindano: yakinyooka na kuwa vijitundu virefu, rudisha begi kwenye rafu. Ndoano ziwe za chuma, maana za plastiki huvunjika bila kutoa dalili.

Hatua ya 4: Fungua kwa mkono mmoja

Begi likiwa begani, toa kamera kwa mkono mmoja. Chagua lenye zipu pamoja na mfuniko wa kuangukia juu yake: ukisahau zipu na kuinua begi kwa haraka, mfuniko unaweza kuokoa kamera. Velkro ya mfuniko iwe na namna ya kuzimwa. Mlio wake wakati wa viapo kanisani unageuza vichwa vya watu wote.

Hatua ya 5: Mvua, chumvi na ukungu

Kitambaa kisichopenyeza maji hakimaanishi begi halipenyezi; maji hupitia kwenye zipu na mishono. Hakikisha kuna koti la mvua mfukoni mwa begi. Ukifanya kazi Tanga, Mombasa au Unguja, epuka zipu za chuma, maana chumvi huzila mpaka zinakwama. Chagua za nailoni na uzifute kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi kila utokapo ufukweni.

Usihifadhi lenzi ndani ya begi wiki nzima. Sponji hutunza unyevu, na gizani humo ukungu huota kwenye vioo. Begi ni la safari; nyumbani vifaa vikae kwenye kontena lisilopitisha hewa, pamoja na vipakiti vya silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) vilivyo vikavu.

Hatua ya 6: Ukinunua mtumba

Ingiza mkono ndani kabisa na upapase bitana. Ikinata vidoleni au ikitoa harufu ya uchachu, utando wa ndani umeshaoza kwa joto na unyevu. Kufua hakusaidii, na mabaki yake yatagandia kwenye lenzi. Mkanda uliochakaa fundi viatu ataubadilisha, lakini bitana ya namna hiyo iache hata kama bei ni ya kutupa.