Redio ya bibi na mawe sita

Redio ya bibi yangu hapa Wete inakula mawe sita makubwa, na kwa anavyoipenda hayamalizi wiki mbili. Jiwe moja ni volti moja na nusu, kwa hiyo sita ni volti 9. Nikaamua kumtengenezea kifaa cha kuchomeka ukutani, kitoe volti hizo 9.

Anza na transfoma ya volti 230 kwa 12, ampea 1. Yangu niliitoa kwenye deki iliyokufa. Kama haina maandishi, pima kwa mita: upande wenye omu mamia ndio wa ukutani, wa pili husoma omu moja mbili tu. Usikisie. Kwenye waya wa moto weka fyuzi ya miliampea 250, na ndani ya plagi toa fyuzi ya ampea 13 utie ya ampea 3.

Volti 12 zipitishe kwenye dayodi nne za 1N4007 zilizofungwa daraja. Umeme unatoka ukielekea upande mmoja, ila unarukaruka mara 100 kwa sekunde, na kazi ya kuutuliza ni ya kapasita. Mara ya kwanza nilitia ya mikrofaradi 470. Bibi akasikiliza taarifa ya habari, akaniita: "Mjukuu wangu, huyu msomaji leo ana mafua?" Ulikuwa mvumo. Nilipoweka ya 2200, volti 35, mafua yakapona.

Kwenye kapasita hiyo, mstari wenye alama ya kutoa ni mguu wa hasi. Mie niliwahi kuigeuza. Ilipasuka kama fataki na paka hakurudi mpaka magharibi. Ukipima hapo ukakuta volti 16 au hata 19, usishtuke: 12 iliyoandikwa kwenye transfoma si ya kilele, na kapasita hushika kilele.

Sasa 7809, kidude cha miguu mitatu kinachoshusha volti zibaki 9. Ukiielekeza maandishi yake kwako, mguu wa kushoto unaingiza, wa kati ni hasi, wa kulia unatoa volti 9. Karibu na miguu lehemu kapasita ndogo, mikrofaradi 0.33 kuingia na 0.1 kutoka. Mgongoni ifunge kipande cha aluminiamu. Changu nimekikata kwenye sufuria iliyotoboka.

Vyote vitie ndani ya kopo la plastiki lenye matundu ya hewa, na usilifungue likiwa limechomekwa. Ukichomoa, subiri kidogo, kapasita ina kinyongo, hubaki na umeme.

Kabla ya kuunga redio pima tena, kisha angalia mchoro karibu na tundu lake. Redio nyingi huweka hasi katikati ya pini, si chanya kama unavyodhani. Ya bibi ndivyo ilivyo, nami nilikuwa nimeshalehemu kinyume.

Mawe yaache ndani. Umeme ukikatika, na huku kwetu hukatika, bibi anachomoa pini mgongoni mwa redio, mawe yanashika. Pini ikibaki tunduni, mawe hayashiki.