Mwomba hifadhi akifika Dodoma: aanzie wapi, abebe nini

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inampa anayetafuta hifadhi siku 7 tangu aingie nchini, awe amepita mpakani kihalali au kwa njia za panya. Ndani ya siku hizo anatakiwa aripoti kwa ofisa mwenye mamlaka, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani (ofisa wa kisheria, kwa Kiingereza "justice of the peace"). Dodoma iko mbali na mipaka yote, kwa hiyo anayeshuka stendi ya Nanenane huwa ameshamaliza baadhi ya siku zake njiani. Aanze na kuripoti. Chumba na kibarua vitafuata. Siku 7 zikiwa zimeshapita, aende vilevile na aseme kilichomchelewesha, iwe ugonjwa, woga au kutojua. Kuendelea kujificha ndiko kunakoharibu kesi.

Wewe uliyempokea, uwe mwenye nyumba, mchungaji, imamu au jirani, usimwache aende peke yake. Nendeni kwa mtendaji wa mtaa, mwombe barua yenye muhuri inayotaja jina la mgeni, tarehe aliyoripoti na mahali alipofikia. Barua hiyo inamlinda yeye na inakulinda wewe pia, maana kumficha mgeni asiye na kibali ni kosa. Kisha mwende nayo Uhamiaji, au Idara ya Huduma kwa Wakimbizi ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo makao yake yako Mji wa Serikali Mtumba, barabara ya Dar es Salaam. Beba kitambulisho chako cha NIDA: mgeni asiye na karatasi yoyote anaweza kuishia getini. Ombi linachambuliwa na kamati ya kitaifa na uamuzi ni wa Serikali. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, inashauri na kufuatilia, haitoi hadhi ya ukimbizi kwa niaba ya Tanzania. Hakuna ada ya kuomba hifadhi. Anayetaka pesa ili "kuharakisha faili" ni kishoka, na akiwa ni mtumishi wa umma, TAKUKURU wanapokea taarifa bure kwa namba 113.

Kabla ya mahojiano, kaeni mahali tulivu muandike maelezo. Hapa ndipo kesi nyingi za kweli zinapopotea, na sababu kubwa ni tarehe zinazogongana. Mtu aliyekimbia usiku na watoto mgongoni hakumbuki tarehe, naye akilazimishwa anabuni. Akiulizwa tena baada ya miezi mitatu anabuni nyingine. Afunge matukio kwa anachokijua: msimu wa mavuno, shule kufunguliwa, Pasaka au Idi. Asichokijua aseme hakijui. Andika jina lake kamili na la babu yake, kijiji na wilaya alikotoka, nani alimtishia na kwa nini yeye hasa, aliomba ulinzi wapi kwao na ikawaje, nchi alizopitia na mpaka alioingilia. Asifiche njia aliyopita hata kama aliwahi kusajiliwa nchi nyingine. Siri hiyo ikigundulika baadaye, hata yaliyo kweli hayaaminiki tena.

Mkalimani asiwe mtoto wake, wala mtu wa upande anaoukimbia. Msichukulie kwamba Mkongo anayezungumza Kiswahili hahitaji mkalimani. Kiswahili cha Bukavu na cha Dodoma vinapishana mahali pabaya. Mwanamke aliyebakwa anaweza kuomba ahojiwe na mwanamke, na aombe mapema. Nyaraka halisi abaki nazo, atoe nakala. Ofisi ikizihitaji zenyewe, aombe hati ya kupokelewa. Asiende ubalozi wa nchi yake kutafuta pasipoti: ndugu waliobaki wanaweza kupata shida, na ombi lenyewe linatiliwa shaka.

Akikamatwa, aseme tangu kituoni kwamba anaomba hifadhi, na arudie mbele ya hakimu kabla ya kujibu shitaka. Wengi wanaulizwa kama waliingia bila kibali, wanajibu "ni kweli", na kesi inaishia hapo. Ajibu: "Niliingia kuomba hifadhi." Kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, msaada huo hautozwi. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri ni wasaidizi gani wa kisheria waliosajiliwa.

Mgonjwa mahututi apelekwe hospitali kwanza, General au Benjamin Mkapa, karatasi baadaye. Aliyebakwa afike ndani ya saa 72 apate dawa za kuzuia VVU. Matibabu yasisubiri PF3, ingawa fomu hiyo ya polisi na ripoti ya daktari kuhusu makovu vina uzito mkubwa kwenye faili. Mtoto asiye na mzazi si wa kulelewa kimyakimya, hata kwa moyo mwema: mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii au piga 116, simu ni bure. Msalaba Mwekundu hutafuta ndugu waliopotezana, nao hawatozi.

Mjue pia kwamba mji hauna kambi. Sheria inataka waombaji na wakimbizi wakae maeneo yaliyotengwa, na kwa sehemu kubwa hayo yako mkoani Kigoma, kama Nyarugusu wilayani Kasulu. Akielekezwa huko asisafiri kwa maneno matupu. Aombe barua ya safari yenye jina lake na la kila mtoto aliye naye, aendako, tarehe na muhuri, apige nakala mbili na kuacha moja kwako. Mwenye ugonjwa unaohitaji bingwa, au anayehofia watu fulani ndani ya kambi, aombe kwa maandishi kibali cha kukaa nje kabla hajapanda basi. Akishafika kambini, kutoka tu kunahitaji kibali.